Juu ya Majina ya Tumbo na Viungo vya Chakula katika Kiswahili cha Songea

Neno tumbo ni katika maneno ya kwanza ayajuayo mtoto, na ni katika maneno ya mwisho kufahamika sawasawa kwa mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani. Mgeni afunguapo kamusi huona kwamba tumbo ni sehemu ya mwili iliyo chini ya kifua, akadhani mambo yamekwisha. Lakini akiketi asubuhi moja tu mahali wagonjwa waulizwapo habari zao, iwe Songea mjini, au Peramiho, au Litembo milimani, atasikia neno hilo moja likitumika kwa mambo manne au matano yasiyofanana. Mmoja asema, "Tumbo laniuma," naye ashika chini ya kitovu. Wa pili asema maneno yale yale, naye aonyesha penye chembe cha moyo. Wa tatu, mwanamke, asema kwamba tumbo lake ni la miezi sita. Wa nne aeleza kwamba aliyemleta ni ndugu yake wa tumbo moja, maana yake wamezaliwa na mama mmoja. Na wa tano asema, "Tumbo laniendesha," wala hataki kuulizwa zaidi mbele za watu. Mwuguzi asiyejua kuzitenga maana hizi huandika neno moja katika daftari yake kwa wote, na dawa hutolewa kulifuata neno lile.

Kwa hiyo si kazi bure kuyapanga maneno haya na kuyatazama moja moja, yalikotoka na yanakotumika. Habari zilizo hapa chini zahusu Kiswahili kisemwacho Songea na wilaya zilizo jirani, pamoja na maneno ya vitabu ambayo mashule na mahospitali yameyaleta baadaye.

Kwanza tutazame umbo la neno lenyewe. Mzizi ni mmoja, lakini viambishi vyaugeuza. Tumbo, wingi wake matumbo, ni kitu kikubwa cha mviringo. Utumbo, kwa kiambishi u-, ni kitu kirefu chembamba, kama vile ulimi, uzi, ukamba na ufito. Kitumbo ni tumbo dogo, na mtu mlafi huambiwa ana jitumbo. Basi lugha yenyewe, kabla ya tabibu yeyote kufungua mwili, ilikwisha kutenga mfuko na mrija. Wingi wa utumbo, hata hivyo, husemwa matumbo, na hapo mfuko na mrija hurudi kuchanganyika. Vijana wa siku hizi wamezidisha, kwa kuwa mtu akisema jambo lisilo na maana humwambia asema utumbo; lakini matusi hayo hayana hasara katika uganga.

Mzizi huu si wa Waswahili peke yao. Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na ambao vizazi vyao vilifika nchi ya Songea katikati ya karne ya 19, walitoka katika watu wasemao lugha za Kinguni, ndugu zake Kizulu. Katika Kizulu matumbo ni amathumbu, nyongo ni inyongo, na ulimi ni ulimi vile vile. Ini ndilo lililo mbali: Wazulu husema isibindi, na neno hilo ndilo pia neno lao la ushujaa. Lakini Wangoni wa Songea waliiacha lugha yao ya asili kwa kuoa na kuishi kati ya wenyeji, wakaishika lugha ya wenyeji wale, iliyoitwa Kisutu. Padre Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeanzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898, aliziandika lugha zote mbili, Kingoni na Kisutu, katika kazi iliyopigwa chapa Berlin mwaka 1904. Mwaka uliofuata, akiwa askofu, aliuawa katika vita vya Maji Maji, na Peramiho ikachomwa moto.

Upande wa magharibi, kwenye pwani ya ziwa Nyasa, mambo yageuka tena. Katika Kinyanja tumbo ni mimba, na mtu mwenye kuhara husemwa amefunguka mimba. Moyo, katika lugha hiyo, maana yake ni uzima; na moyo wa damu upigao kifuani huitwa mtima, neno ambalo Kiswahili nacho kinalo lakini kimelitia katika sanduku la washairi. Mtu aliyelelewa kwa lugha hiyo, asemapo Kiswahili, huenda akasema mimba palipo na tumbo, au moyo palipo na uhai, na mwuguzi aliyetoka mbali akasikia jambo asiloambiwa. Mimi naona heri mwuguzi ahesabu dakika mbili zaidi katika kuuliza, kuliko kuhesabu kwamba wote wasemao Kiswahili wasema Kiswahili kimoja.

Tena yafaa kukumbuka kwamba ujuzi wa viungo vya ndani haukuanza shuleni. Kila mwanamume aliyewahi kuchuna mbuzi, na kila mwanamke aliyewahi kusafisha kuku, ajua ini, nyongo, bandama, figo, utumbo na firigisi, na ajua kwa mkono, si kwa picha. Ajua kwamba nyongo ikipasuka nyama yote huwa chungu. Ajua utumbo upi ni mwembamba na upi ni mpana, kwa maana usafishaji wake si mmoja. Mwalimu anayefundisha viungo vya chakula na kuanza kwa picha ya ukutani aliacha mlango ulio wazi akapita dirishani. Ila ujuzi huu una upungufu mmoja: ng'ombe na mbuzi wana tumbo lenye vyumba vinne, kwa kuwa hucheua, na mwanadamu ana chumba kimoja tu, na kuku ana firigisi ya kusagia, ambayo sisi hatuna. Wanafunzi wengi hudhani kwamba chakula cha mtu husagwa tumboni kama cha kuku, na neno usagaji wa chakula, ambalo vitabu vingine hulitumia, huwaongezea kosa hilo. Kumeng'enya ni neno bora, kwa sababu halina sura ya jiwe la kusagia. Kazi kubwa katika jambo hili si kuponda bali kuyeyusha, na vitu viyeyushavyo vimepewa jina la vimeng'enya, neno lililoundwa vizuri na kukubalika mashuleni.

Sasa tushuke na tonge. Juu ya kinywa sina mengi: midomo, meno, ulimi, ufizi na mate vyajulikana na wote, wala havina ubishi. Chonge ni jino la kuraruria na gego ni la kutafunia. Mate humtoka mtu kadiri ya lita 1 au lita moja na nusu kwa siku, naye huyameza bila kujua.

Nyuma ya kinywa twaingia penye maneno yanayogongana. Koo husemwa kwa shingo yote ya ndani, njia ya hewa na njia ya chakula pamoja. Koromeo ni kile kinundu kionekanacho kwa mwanamume akimeza, na wengi hukiita hivyo bila kujua kwamba ni cha njia ya hewa. Njia ya chakula yenyewe, mrija wa sentimita 25 hivi upitao nyuma ya njia ya hewa mpaka tumboni, ndiyo umio. Ni neno zuri, fupi, lisilo na maana nyingine, nalo lastahili kutumika zaidi kuliko litumikavyo.

Ndugu yake umio ni kimio, ambacho watu wengi zaidi hukiita kimeo, na wengine kilimi, yaani ulimi mdogo: kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Hapa twapaswa kusimama, kwa sababu jina hili limeumiza watoto. Katika sehemu nyingi za Tanzania kimeo si jina la kiungo tu, bali ni jina la ugonjwa. Mtoto akikohoa siku nyingi, akitapika, akikataa kunyonya, husemwa kwamba ana kimeo, kana kwamba wengine hawana. Tena husemwa kwamba kimeo kimerefuka mpaka chamgusa koo. Basi hupelekwa kwa fundi, naye hukikata. Kila mtu aliyezaliwa ana kimeo, na kazi yake ni kusaidia kuziba njia ya pua wakati wa kumeza. Kukikata hakuondoi kikohozi, kwa kuwa kikohozi chatoka mapafuni au puani. Bali mtoto aweza kutoka damu nyingi, au kuingiwa na uchafu, au kupata pepopunda, na wakati huo ugonjwa wenyewe, pengine homa ya mapafu au kifua kikuu, waendelea bila dawa. Mama aambiwaye "mtoto wako hana kimeo" hatasadiki, maana amekiona kwa macho yake. Yafaa aambiwe kwamba kimeo anacho, na baba yake anacho, na babu yake alikuwa nacho, na kikohozi kina sababu nyingine itakayotafutwa.

Mwisho wa umio twafika kwenye kiungo ambacho Kiswahili hakikukipa jina la peke yake. Hili ni jambo la ajabu kwa lugha yenye majina tofauti ya mchele, mpunga na wali. Mfuko ule upokeao chakula huitwa tumbo tu, kama vile kiwiliwili chote cha chini kiitwavyo tumbo. Vitabu vimejaribu kuponya upungufu huu kwa kusema mfuko wa chakula, au tumbo la chakula. La pili lanipendeza kuliko la kwanza. Mfuko ni kitu kilegevu kisubiricho kutiwa na kutolewa, hali kiungo hiki chajikunja na kusukasuka, tena chatoa maji makali ya asidi yawezayo kuua vijidudu vingi vilivyoingia na chakula. Kikishiba hupokea lita 1 na zaidi.

Kwa kuwa hakina jina lake, wagonjwa hukipa jina la jirani. Mahali pale juu, chini ya mfupa wa kifua, panaitwa chembe cha moyo, na mtu aumwaye hapo husema, "Moyo waniuma." Kadhalika asikiaye kichefuchefu husema moyo wamchafuka, au roho yamchafuka. Kiungulia, kwa asili yake, ni kule kuungua kupandako kutoka tumboni mpaka kooni wakati asidi ipandapo katika umio. Na neno limetoka katika kuungua, kama masikio yenyewe yasikiavyo. Tabibu mzoefu husikia "moyo" akafikiri tumbo, na mara nyingi yu sawa. Lakini si mara zote. Ugonjwa wa kweli wa moyo, hasa kwa wazee na kwa wenye ugonjwa wa sukari, waweza kuja kwa sura ya kiungulia na maumivu ya chembe, bila kuumwa kifua. Mzee aliyepewa dawa ya kiungulia akarudi nyumbani akafa usiku, ndugu zake husema alikwisha kutaja moyo wake tangu asubuhi, nao wasema kweli. Kwa hiyo neno moyo lisipuuzwe kwa sababu tu lazoea kupotea njia. Mgonjwa aulizwe: je, maumivu huja ukitembea na kupanda mlima, na kuacha ukipumzika? Au huja ukiwa na njaa, au ukilala baada ya kula? Je, yashuka mkononi? Je, jasho lakutoka? Maswali haya ni ya Kiswahili chepesi, nayo hutenga moyo na tumbo kuliko neno lolote la kitabu.

Juu ya vidonda vya tumbo imani iliyoenea ni kwamba vyaletwa na mawazo mengi, au pilipili, au maharagwe, na watu wa Songea, ambao maharagwe ni kitoweo chao cha kila siku, huambiana wayaache. Hata waganga wa Ulaya waliamini muda mrefu kwamba wasiwasi na asidi ndivyo chanzo. Mwaka 1982 matabibu wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walivipata vijidudu viishivyo katika tumbo la chakula penyewe, ndani ya asidi, na wenzao hawakuwasadiki. Basi mwaka 1984 Marshall akavinywa vijidudu hivyo mwenyewe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Siku hizi vidonda vingi huponywa kwa dawa za kuua vijidudu pamoja na za kupunguza asidi, na vingine vyaletwa na vidonge vya maumivu vimezwavyo mara kwa mara, ambavyo watu wa mashamba hununua dukani kwa mgongo na viuno. Maharagwe hayana hatia.

Mara baada ya tumbo la chakula ni kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, ambacho mashule yetu hukiita duodeni. Neno hilo si la kabila lolote, nalo halimwambii mtoto kitu. Lakini maana yake ya Kilatini ni kumi na viwili, kwa kuwa mabingwa wa kale wa Uyunani walikipima kwa upana wa vidole 12, na Wajerumani hata leo hukiita kwa lugha yao utumbo wa vidole kumi na viwili. Kama ningeombwa shauri, ningesema tumfundishe mtoto aweke vidole vyake mara tatu mezani, vinne vinne, aone kadiri yake. Hapo jina la kigeni litakaa kichwani lenyewe. Utumbo mwembamba wote una urefu wa mita 6 hivi, na ndani yake umefunikwa na vitu vidogo kama manyoya ya mahameli, ambavyo huvuta chakula kilichoyeyushwa na kukitia damuni.

Na hapa twalikuta neno gumu kuliko yote, yaani chango. Katika Kiswahili cha zamani chango, au uchango, ni utumbo mwembamba. Kisha ni mnyoo mrefu wa mviringo ukaao humo, wenye urefu wa sentimita 15 hata 35. Kisha ni maumivu ya kusokota yadhaniwayo kuletwa na mnyoo huo. Nyumba, mwenye nyumba na makelele ya mwenye nyumba, vyote jina moja. Wengine husema mchango, ambao usichanganywe na mchango wa fedha. Mpaka hapo hasara ni ndogo, kwa maana anayesema mtoto ana chango pengine ana minyoo kweli, na dawa ya minyoo haitamdhuru.

Lakini neno halikukaa utumboni. Limehamia kwa wanawake: chango la uzazi ni jina la maumivu yoyote ya chini ya kitovu, maumivu ya siku za mwezi, kuchelewa kupata mtoto, na kuharibika kwa mimba. Kwenye mabango ya waganga wa mitishamba barabarani utaliona limeandikwa kwa herufi kubwa. Magonjwa yaliyojificha chini ya jina hili si mamoja. Mengine ni maumivu ya kawaida ya mwezi. Mengine ni maambukizo ya mirija ya uzazi, yaletayo utasa yasipotibiwa. Na moja ni mimba iliyotunga nje ya mji wake, ndani ya mrija. Nayo ikipasuka mwanamke hutoka damu ndani ya tumbo, pasipo damu nyingi kuonekana nje, na aweza kufa kwa saa chache. Mwanamke aliyekosa siku zake, akashikwa ghafula na maumivu makali upande mmoja wa chini, akasikia kizunguzungu na midomo yake ikawa myeupe, huyo asinyweshwe mizizi ya chango. Apelekwe mahali penye kisu na damu. Sisemi kwamba neno chango lifutwe, maana neno halifutwi kwa amri. Nasema kwamba mwuguzi alisikiapo, alihesabu kuwa mwanzo wa maswali.

Wadudu wengine wa utumboni wana majina yao. Safura kwa asili ni neno la Kiarabu lenye maana ya umanjano na ya nyongo, nalo latoka katika mafundisho ya kale ya tabia nne za mwili. Kiswahili kililipokea likabadilika: safura ni ugonjwa wa mtu aliyepauka, aliyevimba uso na miguu, ahemaye akipanda kilima, tena mwenye hamu ya kula udongo. Leo twajua kwamba chanzo chake kikubwa ni minyoo midogo yenye urefu wa sentimita 1, iingiayo kwa nyayo za mtu atembeaye pekupeku kwenye udongo wenye mavi, ikasafiri mpaka utumbo mwembamba, ikajishikiza na kunyonya damu. Watu waliotunga maana hiyo ya neno walimtazama mgonjwa vizuri sana.

Tegu ni mnyoo bapa, mrefu kama utepe, apatikanaye kwa kula nyama isiyoiva. Nguruwe hufugwa kwa wingi katika wilaya za Songea na Mbinga, na mahali penye ulanzi na komoni hapakosi nyama yake ya kuchoma. Nyama iliyo na vijipele vyeupe kama punje za mchele ndiyo yenye tegu wachanga. Lakini kuna jambo la pili ambalo neno tegu halisemi. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai yake kwa choo, na mayai hayo yakimezwa na mtu mwingine, kwa mikono michafu au maji machafu, wachanga wake huweza kwenda mpaka ubongoni, wakaleta kifafa. Tegu na kifafa, katika mawazo ya watu, ni vitu viwili visivyojuana. Kimoja ni cha tumbo, cha pili ni cha pepo. Choo kilichochimbwa na nguruwe aliyefungiwa bandani huondoa sehemu ya vyote viwili.

Ini, nyongo na kongosho twavipita upesi. Ini ni kiungo kizito, kilo moja na nusu hivi kwa mtu mzima, na Waswahili husema habari mbaya yakata maini. Nyongo ni maji machungu yatengenezwayo na ini, tena ni jina la kile kifuko kiyawekacho. Ni afadhali kusema kifuko cha nyongo kwa kifuko. Jambo lililoharibika husemwa limetumbukia nyongo, mfano uliotoka moja kwa moja kwenye uchunaji. Mgonjwa wa malaria atapikaye maji ya kijani au manjano husema nyongo imemzidi, akatafuta dawa ya nyongo. Lakini mtu yeyote atapikaye hali tumbo ni tupu hutapika nyongo, na dawa yake ni ya malaria. Kongosho ni jina zuri ambalo watu wachache walilijua mpaka ugonjwa wa sukari ulipoenea.

Utumbo mpana una urefu wa mita moja na nusu hivi, na mwanzo wake, upande wa kuume chini, umening'inia kidole tumbo, kiitwacho pia kibole. Kidole hiki kikivimba maumivu huanza penye kitovu, kisha hushuka upande wa kuume, na hapo mgonjwa asipewe dawa yoyote ya kuendesha tumbo, maana chaweza kupasuka. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ni puru. Neno hili lina faida kubwa ya adabu, kwa kuwa watu wengi hawalijui, na hivyo halina aibu bado; lile lijulikanalo halisemwi mbele ya wakubwa. Kwa adabu hiyo hiyo mavi huitwa choo, au haja kubwa. Lakini choo ni nyumba pia. "Hana choo siku tatu" ni ugonjwa. "Hana choo mwaka wa tatu" ni kazi ya bwana afya.

Ngiri nayo ni jina la mnyama wa porini, na ni jina la utumbo uliotoka mahali pake ukaingia katika kinena. Wengi huuita mshipa, neno ambalo limebeba pia njia za damu na hata kano. Wazee wa kiume husema ngiri kwa maumivu ya kiuno na kwa upungufu wa nguvu za kiume, wakanywa mizizi. Ngiri irudiyo ndani mtu alalapo yaweza kusubiri siku ya kupasuliwa. Ngiri iliyokataa kurudi, ikawa ngumu, ikauma, na mgonjwa akaanza kutapika, haisubiri hata kesho, kwa sababu utumbo ulionaswa waoza.

Limebaki jambo la kuhara. Kuhara ni mtu mwenyewe kutokwa na choo cha maji. Kuharisha, kwa sarufi, ni kumfanya mwingine ahare. Lakini katika maneno ya kila siku watu husema mtoto anaharisha, maana yake anahara. Basi dawa ya kuharisha ni dawa gani? Kwa mwenye sarufi ni dawa iletayo kuhara. Kwa mama aliyekuja mbio na mtoto mgongoni ni dawa iondoayo kuhara. Zamani misioni zote ziliweka chumvi ya haluli na mafuta ya mbarika, ambazo kazi yake ni kuharisha kwa maana ile ya kwanza. Na siku hizi mtoto hupewa maji ya chumvichumvi, ambayo kazi yake ni kumrudishia maji yaliyompotea. Chumvi mbili, majina yenye sauti karibu moja, na ya kwanza akipewa mtoto aliye katika kuhara yaweza kummaliza. Kwenye chupa na pakiti isiandikwe kamwe dawa ya kuharisha. Iandikwe dawa ya kusafisha tumbo, au dawa kwa mwenye kuhara.

Kuhara kwa damu kuna sababu zake na dawa zake. Kuhara kunakofanana na maji yaliyooshea mchele, kwa ghafula na kwa wingi, pamoja na kutapika, ni kipindupindu, jina lililotoka katika kupindua. Tabibu James Christie aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876 juu ya ugonjwa huu ulivyowaua watu Unguja mwaka 1869 na 1870, na Tanzania bara umerudi mara nyingi tangu mwaka 1977. Aina hiyo na nyingine zote huua kwa njia moja, yaani kukauka kwa maji mwilini: macho huzama, ngozi ya tumbo ikivutwa haishuki upesi, mtoto hulia bila machozi. Pakiti ya chumvichumvi hukorogwa katika maji safi lita 1, si kikombe kimoja, na mtoto hunyweshwa kwa kijiko kidogo kidogo hata akitapika, huku akiendelea kunyonya. Tena huongezwa vidonge vya zinki siku 10 hata 14. Pasipo pakiti, mama huchukua maji safi lita 1 yaliyochemshwa na kupoa, akatia sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha na chumvi nusu ya kijiko kidogo, akaonja kwanza: yasizidi chumvi ya machozi.